Kwa Nini Jina Ng'ang'a Husumbua Kompyuta: Stringi kwa Wasee Wanaanza Kuprogramu

Panda mat ya 237 pale stage ya Thika, uulize kondaa: kama kila mtu ni soo, watu watatu ni ngapi? Atakujibu kabla umalize swali. Mia tatu. Sasa uliza Python swali hilo hilo, vile wasee wengi wanaoanza kuprogramu huuliza:

nauli = input("Nauli ya mtu mmoja? ")
print(nauli * 3)

Andika 100, bonyeza enter. Jibu linakuja: 100100100. Milioni mia moja, laki moja na mia moja. Hiyo sio nauli, hiyo ni doh ya kununua mats kadhaa na mafuta ibaki.

Kompyuta haijachizi. Imefanya kile umeiambia, neno kwa neno. Wewe uliona pesa, yenyewe iliona maandishi. Maandishi yakizidishwa mara tatu, yanaandikwa mara tatu, basi. Hapo ndipo stringi huanza, na ukielewa hiyo tofauti kati ya kile unaona na kile kompyuta inaona, nusu ya maumivu ya kuprogramu imeisha.

Na si story ya darasani pekee. Kati ya Thika na Ruiru kuna MKU, kuna JKUAT pale Juja, kuna Zetech, na kuna wasee wengi tu wako mtaani Makongeni, Kihunguro ama Kimbo wanajifunza na simu. Wengi wakipata kazi ya kwanza, haitakuwa ya kutengeneza roboti. Itakuwa ya chama, duka, SACCO ya mat ama kanisa. Na hizo kazi zote ni majina, namba za simu na meseji za M-Pesa. Yaani stringi, stringi, stringi.

STRINGI NI NINI HASWA?

Stringi ni alama zilizopangwa kwa laini, moja baada ya nyingine. Inaweza kuwa herufi, tarakimu, nafasi tupu, nukta, hata emoji. Kwenye Python unaijua kwa sababu imefungwa na alama za kunukuu:

mtaa = "Makongeni"

Hapo kushoto, "mtaa" ni mkebe. Kulia ndio stringi yenyewe, ile unaweka ndani ya mkebe. Kila alama iko na nafasi yake, na hesabu inaanza na sifuri, sio moja. Kwa hivyo mtaa[0] ni M, mtaa[1] ni a, mtaa[2] ni k. Ukitaka ya mwisho bila kuhesabu, unaandika mtaa[-1]. Ukitaka kujua ziko ngapi, len(mtaa) itakwambia 9.

Unaweza pia kukata kipande, kama mtu anakata mkate. mtaa[0:4] inakupa Mako. Namba ya kwanza ndio unaanzia, ya pili ndio unasimamia kabla uifikie. Yaani unachukua nafasi ya 0, 1, 2 na 3, ya 4 unaiacha.

Tukirudi kwa kondaa wetu: input() kila wakati inakuletea stringi, hata kama mtu ameandika tarakimu tupu. Ukitaka iwe namba ya kufanyia hesabu, lazima useme:

nauli = int(input("Nauli ya mtu mmoja? "))
print(nauli * 3)

Sasa ni 300. Kondaa na Python wameskizana.

NAMBA YA SIMU SIO NAMBA

Hii inachanganya watu sana kwa sababu jina lenyewe linadanganya. Jiulize: kuna siku umewahi kujumlisha namba ya simu yako na ya jirani? Hakuna. Kama hutafanyia kitu hesabu, hicho kitu ni stringi, hata kikiwa na tarakimu tupu. Namba ya simu, namba ya kitambulisho, namba ya akaunti, till. Zote ni stringi.

Mbona inajalisha? Kwa sababu ya ile 0 ya mbele. Kwa hesabu, sifuri ya mbele haina maana, kwa hivyo kompyuta huitupa. Ukiandika simu = 0700000000 bila alama za kunukuu, Python 3 inakataa kabisa. Excel nayo haikatai, inanyamaza tu na kukula sifuri. Mweka hazina wa chama anafungua faili ya wanachama, anapata 700000000, tarakimu tisa, na akijaribu kutuma pesa haiendi.

Alafu kuna shida ya pili. Wakenya wanaandika namba moja kwa njia nyingi. Mmoja ataandika 0700 000 000 na nafasi katikati. Mwingine +254700000000. Mwingine 254-700-000000. Na tangu 2019 kuna namba zinaanza na 01, kwa hivyo huwezi kusema "kama haianzi na 07 ni feki". Kwa binadamu hizo zote ni simu moja. Kwa kompyuta ni watu tofauti, na mtu mmoja anaweza kujiandikisha mara tatu kwa chama moja.

Daraja, ule mlango ambao Safaricom ilifungulia waprogramu mwaka wa 2017 ili programu zao ziongee na M-Pesa, inataka namba ianze na 254, bila jumlisha, bila nafasi. Tarakimu 12. Hii hapa dawa:

def safisha(simu):
    simu = simu.replace(" ", "").replace("-", "")
    if simu.startswith("+"):
        simu = simu[1:]
    if simu.startswith("0"):
        simu = "254" + simu[1:]
    if len(simu) == 9:
        simu = "254" + simu
    return simu

Isome polepole, haina uchawi. replace inaondoa nafasi na vistari. startswith inauliza "inaanza na nini?" simu[1:] inamaanisha "nipe kila kitu isipokuwa alama ya kwanza". Ile alama ya jumlisha kati ya stringi mbili haijumlishi, inaunganisha. Na pale kwa len, tunaokoa zile namba ambazo Excel ilikula sifuri. Ikimaliza, hesabu tena: kama sio 12, usitume kitu, mrudie mwenyewe umuulize.

MESEJI YA M-PESA, IKATE KAMA NYAMA

M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na tangu siku hiyo simu zetu zimekuwa vitabu vya hesabu. Shida ni moja: hizo hesabu ziko ndani ya sentensi. Mama wa duka pale Ruiru anamaliza siku akiwa na meseji themanini, na anataka kujua swali moja tu, leo nimeingiza ngapi? Hapo ndipo wewe unakuja.

Chukua meseji ya mfano, tumeiunda hapa:

sms = "SGH4XK2P9L Confirmed.You have received Ksh1,500.00 from WANJIKU 0700000000 on 17/7/24 at 6:12 PM New M-PESA balance is Ksh2,300.00."

Kwanza, hii ni pesa imeingia ama imetoka? Uliza hivi:

"received" in sms

Jibu ni True, imeingia. Lakini chunga, "Received" na R kubwa itakupa False. Kwa kompyuta, r na R ni watu wawili hawajawahi kukutana.

Sasa kiasi. Split ni panga: unaiambia ikate wapi, inakupa vipande. Tukate kila mahali kuna Ksh:

vipande = sms.split("Ksh")
pesa = vipande[1].split(" ")[0]
salio = vipande[2]

Kipande cha 0 ni maneno yote kabla ya Ksh ya kwanza. Kipande cha 1 kinaanza na 1,500.00 na kuendelea na story ya Wanjiku, kwa hivyo tunakikata tena pale kuna nafasi, tunabaki na 1,500.00. Kipande cha 2 ni salio: 2,300.00. pamoja na ile nukta ya mwisho wa sentensi.

Ukikimbia kuigeuza iwe namba hapo hapo, float("1,500.00") itakataa. Koma ni ya macho yetu, kompyuta haiitaki ndani ya namba. Na salio ni mbaya zaidi, iko na koma na nukta mbili. Lakini cheki hii: pesa ya M-Pesa kwa meseji huandikwa na senti mbili mwisho. Ukitoa koma zote na nukta zote, unabaki na senti:

def senti(s):
    return int(s.replace(",", "").replace(".", ""))

senti(pesa) inakupa 150000, yaani senti laki moja na nusu, ambayo ni shilingi 1,500. senti(salio) inakupa 230000. Ile nukta ya kusumbua imepotea yenyewe. Na kuhesabu na senti nzima ni salama kuliko kuhesabu na desimali, kwa sababu desimali za kompyuta huwa na vijisehemu vidogo vinavyopotea njiani. Kwa pesa ya mtu, usicheze na hiyo.

Fanya hivyo kwa meseji themanini, jumlisha, gawa na 100. Mama wa duka amepata jibu kabla afunge mlango.

ULE MSIMBO WA MBELE UNAONGEA

Zile alama 10 za mwanzo watu wengi huziona kama takataka. Zikate:

msimbo = sms[0:10]

Sasa fungua meseji zako za zamani uangalie herufi tatu za kwanza. Za 2019 zilianza na N, 2020 O, 2021 P, 2022 Q, 2023 R, 2024 S. Herufi ya pili ni mwezi: A ni Januari, L ni Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 ziko vile ziko, alafu 10 ni A, 11 ni B, zinaendelea hivyo. Kwa hivyo SGH ni 2024, Julai, tarehe 17. Angalia tarehe kwa ile meseji yetu ya mfano. Inaingiana.

Hiyo ni zoezi poa sana la nafasi kwa stringi: msimbo[0] mwaka, msimbo[1] mwezi, msimbo[2] siku. Na iko na kazi. Mtu akikuonyesha meseji ya leo na msimbo unasema ni ya mwezi jana, umeshajua hapo kuna kitu kinanuka.

MESEJI SIO PESA

Hapa ndio somo lenyewe la stringi, na ndilo linaweza kuokoa mtu mtaani. Stringi ni alama tu. Mtu yeyote mwenye kibodi anaweza kuandika "Confirmed.You have received Ksh1,500.00". Haitaji kuwa na hata shilingi. Ndio maana conmen huingia dukani jioni wakati kuna mbio, wanachukua unga na mafuta, meseji inaingia kwa simu ya mwenye duka, na pesa haipo.

Lakini kuna kitu mwizi hajui. Hajui ulikuwa na salio ngapi. Kwa hivyo pale kwa "New M-PESA balance" anaweka namba ya kubahatisha, ama anaificha kabisa. Kama programu yako inakumbuka salio la meseji ya mwisho ya kweli, inaweza kuuliza swali moja rahisi:

salio_la_zamani + senti(pesa) == senti(salio)

Tuseme kabla ya Wanjiku kulikuwa na shilingi 800, yaani senti 80000. 80000 na 150000 ni 230000. Inaingiana. Kama haiingiani, programu ipige kelele na mwenye duka aangalie mwenyewe kabla bidhaa zitoke. Kama uko na deni la Fuliza, hiyo hesabu itabadilika kwa sababu deni hukatwa pesa ikiingia, kwa hivyo kelele sio hukumu. Ni kengele tu.

Na kama mwizi amebahatisha salio sawa? Bado ni maandishi. Neno la mwisho ni salio lako mwenyewe, ulicheki kwa *334# ama kwa apu. Hata programu iwe kali vipi, haiwezi kugeuza maandishi yawe pesa.

NG'ANG'A, MANG'U NA MŨRANG'A

Sasa tufike kwa kichwa cha habari. Ukiwa unaprogramu New York unaweza maliza miezi kabla ukutane na hii. Ukiwa Thika, utakutana nayo siku ya kwanza. Andika hivi:

jina = 'Ng'ang'a'

Python inakataa papo hapo. Kwa nini? Kwa sababu umefungua stringi na ritifaa moja, na yenyewe ikiona ritifaa ingine inadhani umefunga. Imesoma 'Ng', ikaona ang imekaa nje bila nguo, ikachanganyikiwa. Dawa ni rahisi, tumia alama mbili mbili:

jina = "Ng'ang'a"

Hiyo ni ndogo. Kubwa iko kwa databesi. Wasee wengi wanaoanza huunganisha jina la mtu moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ambayo pia hutumia ritifaa kufunga maandishi. Wanjiku anajiandikisha, inaingia. Kamau anaingia. Ng'ang'a akibonyeza, programu inaanguka. Mwenye programu anasema "jaribu tena baadaye", na Ng'ang'a anajaribu wiki nzima kitu ambacho hakitawahi kubali. Waairish wanaoitwa O'Brien wamelia kilio hicho hicho kwao.

Na mlango unaomfungia Ng'ang'a nje ndio huo unamfungulia haka. Kama ritifaa ya mtu inaweza kuvunja amri yako, mtu mjanja anaweza kuandika ritifaa alafu amri yake mwenyewe, ifute jedwali lote. Kwa hivyo usiwahi kuunganisha. Weka alama ya kuuliza, upeane jina kando:

db.execute("INSERT INTO wanachama (jina) VALUES (?)", (jina,))

Kuna wengine wanaamua kumaliza shida kwa kutoa ritifaa kwa kila jina. Usifanye hivyo. Kwa Kiswahili tu, ng'ombe bila ritifaa inasomeka vingine. Nganga sio Ng'ang'a. Kitambulisho kinasema hivi, mfumo unasema vile, na siku ya kulipwa mtu anaambiwa jina haliingiani. Jina ni la mwenyewe. Kazi ya programu ni kulibeba vile liko.

Kuna ingine imejificha zaidi. Simu nyingi ukiandika ritifaa, zinageuza ile ya kunyooka ( ' ) iwe ya kujipinda ( ’ ). Kwa macho ni moja. Kwa kompyuta "Mang'u" na "Mang’u" ni stringi tofauti, na ukitafuta moja hupati ingine. Kwa hivyo kabla ya kuhifadhi:

jina = jina.replace("’", "'")

Na kama mtu ameandika Mũrang'a vile Gĩkũyũ huandikwa, na ũ yenye kofia yake, hiyo sio sawa na Murang'a. Hifadhi vile ameandika, lakini ukitafuta, linganisha bila kofia ndio usimkose.

EMOJI MOJA, BILI MARA TATU

Hii ni ya wale wanatumia watu meseji za wingi, za chama ama za kanisa. SMS moja ya kawaida inabeba alama 160. Lakini hizo 160 ni za orodha fupi ya alama ambazo mtandao unazijua tangu zamani. Ukiweka alama moja tu iko nje ya hiyo orodha, kama emoji, ũ, ama ile ritifaa ya kujipinda, meseji yote inabadilisha mtindo na nafasi zinashuka hadi 70. Ikizidi hapo, inagawanywa vipande vya 67 kila kimoja.

Piga hesabu. Meseji ya alama 150 ilikuwa SMS moja. Simu yako ikigeuza ritifaa moja tu, sasa ni vipande vitatu. Chama cha watu 300 kilikuwa kilipie SMS 300, sasa kinalipia 900. Hakuna mtu ameiba. Ni ritifaa tu. len(meseji) na ile replace hapo juu zingekuokolea hiyo doh.

*NYOTA* ZINA KAZI

Umewahi kujiuliza zile menyu za nyota na reli zinafanyaje kazi nyuma? Africa's Talking, kampuni ya hapa Kenya inayouzia waprogramu huduma za SMS na USSD, hukuletea majibu yote ya mteja yakiwa stringi moja, imeunganishwa na nyota. Mteja akichagua 2, alafu aandike 500, wewe unapata:

text = "2*500"

Kukata tayari unajua:

majibu = text.split("*")

majibu[0] ni "2", chaguo lake. majibu[-1] ni "500", kitu cha mwisho ameandika. Na kumbuka kondaa: hiyo 500 bado ni stringi hadi useme int. Mteja akiingia mara ya kwanza, text ni stringi tupu, "", kwa hivyo hapo ndio unamwonyesha menyu ya kwanza. Jibu lako nalo ni stringi: likianza na CON, mazungumzo yanaendelea. Likianza na END, yameisha. Menyu nzima ambayo mtu wa mulika mwizi pale Kiandutu anaweza kutumia bila bando, na chini yake ni stringi zinakatwa na kuunganishwa.

MITEGO MITATU YA KUCHUNGA

Kwanza, stringi haibadiliki. Ukiandika gari.upper(), Python inakutengenezea stringi mpya yenye herufi kubwa, lakini mkebe wako bado uko na ile ya zamani. Lazima uihifadhi:

gari = "kaa 000a "
gari = gari.strip().upper().replace(" ", "")

Sasa ni KAA000A. Namba za magari ni mfano poa kwa sababu mmoja huandika na nafasi, mwingine bila, mwingine kwa herufi ndogo.

Pili, nafasi tupu ni alama. "Ruiru" na "Ruiru " ni tofauti, ya pili iko na nafasi mwisho ambayo huioni. Kibodi za simu hupenda kuongeza hiyo nafasi zenyewe ukichagua neno. Kitu chochote mtu ameandika, kipitishe kwa strip() kwanza.

Tatu, usiamini chochote kimetoka nje. Cheki urefu, cheki mwanzo, cheki kama ni tarakimu na isdigit(). Alafu ndio ufanye kazi nayo.

ANZA LEO, HATA BILA LAPI

Python ni ya bure, imekuwa duniani tangu 1991, na hauhitaji laptopu kuianza. Kwa simu ya Android kuna apu inaitwa Pydroid 3, unaandika na kuendesha hapo hapo. Ukiwa na bando, Google Colab inafunguka kwa brausa.

Zoezi la wikendi ni hili. Chukua meseji zako kumi za M-Pesa, zinakili kwa faili. Andika programu itakayokwambia pesa ngapi imeingia, ngapi imetoka, na kama kila salio linaingiana na lile la kabla yake. Ukikwama, andika print() uone kipande uko nacho kwa mkono kwa kweli, sio kile unadhani uko nacho. Meseji zako ziwe zako, usizipandishe mahali watu wengine wataziona.

Hiyo programu ikikubali, nenda kwa duka lenye unanunuanga maziwa kila siku, uulize wanamalizaje hesabu za jioni. Alafu kabla uwaachie, jaribu nayo meseji ya mteja anaitwa Ng'ang'a.